Simeo Ondeto: Kazikwa Got Kwer, Kwa Wafuasi Wake Angali Hai

Simeo Ondeto alifariki dunia mwezi wa Septemba mwaka 1991, akazikwa Got Kwer, kilima kilichoko Migori. Ukiyatamka maneno hayo mbele ya mfuasi wake hapa Kendu Bay, hatakukatalia kaburi, kwani kaburi lipo na yeye mwenyewe huenda kulizuru. Atakalokukatalia ni kule kusema kwamba Ondeto kaondoka.

Ndugu zangu wa Mombasa, Malindi na Lamu huniuliza kila nishukapo pwani: hawa watu wa Legio Maria, wenye kanzu za rangi mbalimbali na rozari shingoni, ni watu wa namna gani? Kendu Bay ni mji wa imani nyingi. Sisi Waislamu tuna msikiti wetu wa siku nyingi, na Wasabato wana misheni yao ya Gendia tangu mwaka 1906. Watu wa Legio nao ni jirani zetu. Twakutana nao sokoni na matangani. Basi leo nalijibu swali hilo kwa kuwasimulia maisha ya kiongozi wao.

Ondeto alikuwa Mjaluo wa upande wa Awasi, katika nchi ya Kano, naye alikuwa Mkatoliki. Wakati huo Wakatoliki wa Nyanza walikuwa na chama cha waumini kiitwacho Jeshi la Maria. Chama hicho kilianzishwa Dublin mwaka 1921, na mwaka 1936 kililetwa Kenya na bibi mmoja wa Kiayalandi, Edel Quinn. Wanachama wake walikutana kusali rozari na kuwazuru wagonjwa. Ni katika vikao vya namna hiyo ndipo moto ulipowaka. Watu walianza kuota ndoto, kutabiri, kuwaombea wagonjwa na kupunga pepo. Mapadri hawakuridhika. Kufikia mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya iliponyakua uhuru, Ondeto na wenziwe walikuwa wamekwisha kutengwa na kanisa, nao wakasimamisha kanisa lao wenyewe.

Hapa yafaa msomaji atue kidogo, maana ndipo ulipo ufunguo wa habari yote. Kwa sheria ya misheni, mwanamume mwenye wake wawili hakubatizwa mpaka amwache mmoja. Aliyesumbuliwa na pepo aliambiwa hayo ni ushirikina. Aliyeogopa uchawi alichekwa, kisha akarudi nyumbani na hofu yake. Ondeto aliwapokea wote hao. Mwenye wake wengi alibatizwa pamoja na wakeze. Mwenye pepo aliombewa. Mwenye hirizi aliambiwa azilete zichomwe moto, na badala yake akapewa sala. Kwa upande wa pili aliwawekea masharti mazito: pombe hapana, tumbaku hapana, dansi hapana. Na wakiingia kusali, huvua viatu. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilistaajabu, nikakumbuka mlango wa msikiti wetu.

Mkono wake wa kulia katika siku zile za mwanzo alikuwa mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, mwenye umri wa miaka kama ishirini hivi. Aoko alikuwa amefiwa na watoto wake wawili. Mama yule mwenye msiba akasimama kuhubiri na kubatiza, jambo ambalo hakuna misheni iliyolikubali kwa mwanamke, na watu wakamfuata kwa makundi. Katika muda mfupi wafuasi walifika makumi ya maelfu. Baadaye Aoko na Ondeto waliachana njia, lakini jina la bibi huyo halijafutika.

Kulikuwa pia na kikongwe mmoja aliyefariki mwaka 1966, ambaye wafuasi humwita Mama Maria na kumhesabu kuwa ndiye Bikira Maria aliyewajia Waafrika. Ondeto naye wakamwita Baba Messias, yaani Masihi aliyerudi katika ngozi nyeusi. Mwaka huo huo wa 1966 serikali ililiandikisha kanisa lao. Wakatoliki wa dunia walikuwa wameanza kusali kwa lugha zao wenyewe, bali watu wa Ondeto waliing'ang'ania misa ya Kilatini. Got Kwer pakawa Yerusalemu yao. Wana papa wao, makadinali wao na maaskofu wao.

Tangu azikwe, mahujaji hawajakoma kupanda kilima kile. Wagonjwa hupelekwa huko, na wako wanaosema wamemwona ndotoni akiwaonya au akiwapoza. Lakini juu ya kiti cha upapa wamegawanyika, na ugomvi huo umefikia hata kumwaga damu. Wote wawili, huyu na yule, hudai kwamba Ondeto yu pamoja naye.

Imani ya namna hii si ya Wajaluo peke yao. Mayahudi wana neno la kumwita mtu mwema aliye karibu na Mungu, nalo ni tzaddik. Aliyesoma chuoni atalitambua mara moja, kwani asili yake ni moja na sidki ya Kiarabu na sadiki yetu ya Kiswahili. Wengi wao huamini kwamba mtu kama huyo akifa nguvu yake haikatiki. Mwalimu wao mmoja, Nachman, alifariki mwaka 1810 katika mji wa Uman, nchi ya Ukraine, akiwa na umri wa miaka 38. Wafuasi wake hawakumweka khalifa mpaka leo. Huyo wa kaburini wanaona awatosha, nao huenda kwake kwa maelfu kila mwaka wao mpya.

Na sisi je? Kila Maulidi ya Lamu watu huenda kwa ziara kwenye kaburi la Habib Saleh, yule sharifu aliyetoka Ngazija akawasomesha Riyadha wana wa watumwa na mafukara, watu ambao waungwana hawakutaka kukaa nao darasani. Masheikh wetu wanabishana juu ya ziara: wako wanaoiita sunna, wako wanaoiita bid'a. Mimi siingii katika kesi hiyo hapa. Ila mpaka mmoja haubishaniwi. Dua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, Masihi ni Isa bin Maryam, na utume umekhitimishwa na Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Kwa hiyo wanayoyasema Legio juu ya Ondeto sisi hatuyakubali, na wao wanalijua hilo, na bado twasalimiana.

Lakini kutoyakubali si sababu ya kuwacheka. Mjane aliyefukuzwa mlango mmoja akafunguliwa mwingine hamsahau aliyemfungulia, hata akifukiwa udongo. Habib Saleh anakumbukwa kwa mlango alioufungua kabla ya kukumbukwa kwa kaburi, na Ondeto vivyo hivyo. Wanaogombania kiti chake leo wangejiuliza ni nani sasa anayesimama nje ya mlango wao.