Mwalimu Nyerere na Vitabu vya Kale

Kijiji cha Butiama kiko katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mji wa Musoma. Huko alizaliwa mtoto wa kiume mwaka 1922, siku ya mvua nyingi, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, naye alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Ingawa alikuwa mwana wa mtemi, Kambarage hakulelewa kwa anasa. Alichunga mbuzi wa baba yake, na kila siku aliwaona wanawake wakilima, wakichota maji, wakisaga nafaka na kupika, tangu alfajiri hata usiku.

Alipopata umri wa miaka 12 alipelekwa Musoma, katika shule ya Mwisenge. Hapo alijifunza kusoma na kuandika, na lugha ya Kiswahili pia, maana nyumbani alisema Kizanaki. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka mitatu. Mwaka 1937 akaingia shule ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, katika nchi ya Uganda. Mwisho wa mwaka huo alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, kwa jina la Julius.

Basi, alipokuwa Makerere alikutana na kitabu cha Mwingereza mmoja, John Stuart Mill, kilichotolewa mwaka 1869. Mwandishi huyo alikuwa amekufa tangu 1873, wala hakupata kuiona Butiama. Katika kitabu chake alionyesha ya kuwa sheria na desturi za kumweka mwanamke chini ya amri ya mwanamume ni dhuluma, nazo huwadhuru watu wote. Msomaji mwingine angalisema kwamba mambo hayo ni ya Ulaya, tena ya zamani, akakifunika kitabu. Lakini Julius aliposoma aliliona boma la baba yake, akamwona na mama yake jembe mkononi.

Ndipo akaandika insha, akionyesha jinsi maneno ya Mill yanavyowahusu wanawake wa Tanganyika. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mtemi Burito alikuwa amefariki mwaka 1942, na mwana mwema hulinda heshima ya marehemu baba yake. Hata hivyo Julius hakuificha kweli aliyoiona. Insha yake ikapata tuzo.

Baadaye alifundisha Tabora, akasoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952, kisha akafundisha Pugu. Kwa hiyo watu wakamwita Mwalimu. Aliiongoza Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1962 akawa Rais. Shughuli za nchi zilikuwa nyingi, lakini kila alipopata nafasi alikaa na mchezo wa Shakespeare wa habari za Julius Caesar, uliotungwa zaidi ya miaka 350 iliyotangulia, akautia katika Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 1963. Kisha akaipitia tena na kuisahihisha, ikatolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi. Mkuu wa nchi hakuona haya kusahihisha kazi yake, kama mwanafunzi asahihishavyo daftari lake.

Alipoacha urais mwaka 1985, alirudi kwao Butiama. Huko alilima shamba, akacheza bao na wazee, tena akasoma. Alizitungia Enjili tenzi za Kiswahili, zikatolewa mwaka 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Mtoto yule wa Mwisenge alikikuta Kiswahili shuleni kama mgeni. Alipokuwa mtu mzima alikizidishia utajiri. Mema aliyoyapata katika vitabu vya kale hakuyaweka moyoni mwake tu, bali aliwaletea watu wake katika lugha waijuayo. Nanyi wanafunzi, mkikuta kitabu kikuukuu kilichoachwa pembeni, msikidharau. Kisomeni, kisha tazameni nyumbani kwenu.