Marconi: Tajiri wa hewani aliyesumbuliwa na majirani

Na Mwandishi Wetu, Kizimkazi

Mvuvi wa Kizimkazi anayepiga simu mjini kuulizia bei ya samaki kabla hajapakia gari, na mwenye nyumba ya wageni anayepokea oda za watalii wa pomboo kwa waifai, wote wanafaidi kazi ya mtu aliyefariki mwaka 1937.

Jambo lililomsumbua mtu huyo katika biashara yake ndilo linalowasumbua leo wakazi wa magorofa kama yale ya Michenzani: kila mmoja anasema hewani kwa wakati mmoja.

Huyo ni Guglielmo Marconi. Alizaliwa Bologna, Italia, Aprili 25, 1874. Baba yake alikuwa mwenye mashamba, mama yake Mwairishi. Chuo kikuu hakusoma. Majaribio yake aliyafanya kwenye chumba cha juu cha nyumba yao ya shamba.

Mwaka 1895 alituma alama bila waya umbali wa kilomita mbili hivi, kuvuka kilima. Inasimuliwa kuwa kaka yake alisimama upande wa pili na bunduki, akaifyatua kumjulisha kuwa alama zimefika.

Mwaka uliofuata alikwenda London na mama yake, akaomba hataza. Mwaka 1897, kwa msaada wa ndugu wa upande wa mama, akafungua kampuni. Wateja wake wakubwa walikuwa wenye meli, nao hakuwauzia mtambo tu. Aliwakodisha mtambo pamoja na mtumishi wa kuuendesha.

Watumishi hao walikatazwa kuwasiliana na mitambo ya kampuni nyingine, isipokuwa pakiwa na hatari. Hapo tamaa ilizidi, na mkutano wa mataifa uliofanyika Berlin mwaka 1906 ulikuja kuipinga tabia hiyo.

Tatizo lilikuwa mitambo yenyewe. Ilifanya kazi kwa cheche, ikamwaga mawimbi kwenye masafa mengi kwa pamoja, mfano wa mnadi anayepaza sauti sokoni hadi wenzake wasisikike. Mwaka 1900 Marconi alipata hataza namba 7777 ya kulinganisha masafa, ili kila mtambo uwe na njia yake.

Haikutosha. Mwaka 1901, katika mashindano ya mashua karibu na New York, kampuni zilizokuwa zikirusha habari zilizibana hadi habari zikavurugika. Mwaka 1903 mchezaji mazingaombwe, Nevil Maskelyne, aliingilia onyesho la mtambo wa Marconi mjini London kwa maneno ya kejeli, mbele ya wageni.

Kisa kizito zaidi ni cha Aprili 1912. Meli ya Californian, iliyosimama kwenye barafu, iliwaita Titanic kuwaonya. Kwa kuwa ilikuwa karibu, mlio wake uliingia kwa nguvu na kumkata mtumishi wa Titanic aliyekuwa akituma salamu za abiria nchi kavu. Alimwambia mwenzake anyamaze. Yule akazima mtambo, akalala. Titanic ilipogonga barafu, hakusikia wito. Watu zaidi ya 1,500 walikufa, na zaidi ya 700 waliokolewa na meli nyingine iliyousikia. Wote wawili walikuwa watumishi wa Marconi.

Tukirudi Michenzani: ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambako chaneli zisizogusana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Ruta ikisikia nyingine kwenye chaneli yake, husubiri zamu. Ndiyo maana unanunua kifurushi kikubwa na jioni, majirani wakirudi, kasi inashuka. Ukiweka chaneli 3 unazidisha vurugu, maana unazigusa 1 na 6 kwa pamoja.

Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na hupenya kuta kwa shida, jambo ambalo gorofani ni nafuu, kwani ya jirani hayakufikii sana. Mji Mkongwe, wenye kuta nene za mawe na chokaa, ugonjwa ni mwingine: mawimbi hufia chumba kimoja. Kizimkazi nyumba zikiwa mbalimbali hewa ni tulivu, ila wenye nyumba za wageni zilizopakana pwani wanaweza kukaa pamoja wakagawana hizo chaneli tatu. Haina gharama.

Marconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Sifa zake zina doa pia: mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mussolini. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu kubwa ya hataza yake ya kulinganisha masafa, kwa kuwa wengine walimtangulia.

Hakuiona hukumu hiyo. Alifariki Roma, Julai 20, 1937, na vituo vya redio vikanyamaza kwa dakika mbili.