Lavoisier, Mtu Aliyezipa Kemikali Majina

Kila nimwonapo mwanafunzi akikariri salfeti, salfaiti na salfaidi kama kasuku, humkumbuka Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1743. Zama hizo wanakemia walitumia majina yasiyofichua kilichomo: mafuta ya vitrioli, maua ya zinki, sukari ya risasi. Hiyo sukari ni tamu kweli, lakini ni sumu!

Mnamo 1787, yeye na wenzake Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walitoa kitabu kilichotaka jina la kampaundi litaje viambato vyake. Maua ya zinki yakawa oksidi ya zinki. Kiishio cha neno nacho kikapewa kazi: salfeti ina oksijeni nyingi, salfaiti ina kidogo kuliko hiyo, salfaidi haina kabisa. Walimu wenzangu, mbona hatuwaelezi wanafunzi haya tangu siku ya kwanza?

Lavoisier hakuwa malaika. Oksijeni aliipa jina hilo akiamini kuwa ndiyo izaayo kila asidi, nalo ni kosa. Asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Isitoshe, alikuwa mbia katika kampuni ya kukusanya kodi iliyochukiwa mno na raia. Ni kwa ajili ya kodi hizo, wala si kemia, alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794, siku moja na baba mkwe wake. Mkewe, Marie-Anne, aliyemchorea picha za kitabu chake cha 1789, ndiye aliyekuja kuzichapisha makala alizoziacha.