Muhammad Asad, mpasha habari aliyekwenda chuoni kwanza

Marehemu Muhammad Asad alizaliwa Leopold Weiss mwaka 1900 huko Lemberg, katika dola ya Austria, mjukuu wa rabi wa Kiyahudi. Chuo Kikuu cha Vienna alikiacha bila shahada. Mwaka 1922 alifikia kwa mjomba wake Baitul-Makdis, akaanza kupeleka habari kwa gazeti la Kijerumani, Frankfurter Zeitung. Kiarabu alikuwa hakijui. Alichokuwa nacho ni Kiebrania alichofunzwa utotoni, na lugha hizo ni ndugu.

Je, kijana huyo alistahiki kuwaeleza Wazungu mambo ya Waarabu? Kwa vyeti, la. Lakini aliketi na watu akasikiliza, akaona Waarabu wa Palestina wana haki yao katika nchi ile, na akaandika hivyo ilhali yeye mwenyewe Myahudi. Gazeti lilipomtuma tena mwaka 1924, alitua kwanza Cairo akakisoma Kiarabu kwa bidii, ndipo akashika njia ya Sham, Iraq, Uajemi na Afghanistan. Wangapi leo hushuka ndege asubuhi, na jioni habari imeshapelekwa, mkalimani ndiye macho na masikio yao!

Mwaka 1926 alisilimu, kisha akakaa Bara Arabu karibu miaka sita. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiingereza, iliyokamilika mwaka 1980, imejaa Kiarabu alichokiokota kwa mabedui jangwani. Alifariki Uhispania mwaka 1992, akazikwa Granada.