Jembe la Apolo

Niliombwa niandike kuhusu siku ya kwanza ya safari yetu ya misheni kule magharibi mwa Uganda, na nilikubali haraka kabla sijafikiria. Nilipokaa kuandika nikaona siku yangu mwenyewe haina sifa ya kuwekwa kwenye gazeti la kanisa. Kwa hivyo nitawaambia kidogo tu kuihusu, halafu niwasimulie mtu aliyenisaidia kuimaliza: Apolo Kivebulaya, aliyelala mwaka wa 1933.

Tulitoka steji ya Mountain View saa kumi na moja alfajiri, watu tisa kwenye matatu ya kukodi. Mizigo ilikuwa mingi kuliko watu. Mimi peke yangu nilikuwa na mabegi mawili: neti, dawa za tumbo, biskuti, viatu vya mvua, na fulana mpya za timu zenye jina la misheni mgongoni. Tukapanda Waiyaki Way tukiimba. Nakuru tukala mandazi, Kericho mvua ikatupata, na saa nane mchana tukafika Busia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kadi yangu ya homa ya manjano nimeiacha nyumbani, juu ya meza, karibu na funguo. Na si mtu mwingine. Mimi ndiye nilikuwa nimewakumbusha wote Jumapili, kwa maikrofoni, wabebe kadi.

Nikaambiwa nichanjwe upya pale mpakani. Foleni ilikuwa ndefu. Wenzangu walingoja saa nne juani, na hakuna aliyeninung'unikia, jambo ambalo liliniuma zaidi. Kusema ukweli nilitaka kurudi. Nilishaanza hata kutunga maneno ya kiroho ya kueleza kwa nini Mungu amefunga mlango.

Mama mmoja wa timu yetu, aliyezaliwa Toro akaolewa huku kwetu, alikuja akakaa nami kwenye foleni. Hakunipa pole. Akaanza kunisimulia habari za Apolo kama mtu anayesimulia habari za babu yake, na baadaye nikamsoma zaidi mwenyewe.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1864 huko Kiwanda, katika Buganda, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Msimwazie kama mtoto wa Sunday school. Alimsikia mmishonari Alexander Mackay akifundisha, lakini kabla ya kutulia alipitia Uislamu, akabeba silaha katika vita vya dini vya Buganda, akavuta bangi. Alibatizwa Januari 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akachukua jina la Apolo. Kivebulaya lilikuja kwa sababu ya koti la kizungu alilopenda kuvaa. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Hata ninyi mnaisikia Ulaya ndani yake. Nilicheka kidogo hapo, nikikumbuka fulana zetu.

Mwaka huo huo akatumwa Toro. Na Toro yenyewe ilikuwa ugenini kwake: lugha nyingine, chakula kingine, mfalme mwingine. Halafu habari zikafika kwamba ng'ambo ya mto Semliki, mahali panapoitwa Mboga, panahitajika mwalimu. (Ndiyo, Mboga. Watoto wangu wamelicheka jina hilo wiki nzima.) Walimu wawili wa Buganda walikuwa wametangulia kule wakarudi, kwa sababu Tabaro, mtawala wa pale, aliwanyima chakula. Njaa iliwashinda, na sidhani yupo kati yetu wa kuwahukumu.

Sasa sikilizeni alichofanya Apolo. Alikubali kwenda, na kwa kuwa alijua walichoshindwa nacho wenzake, alitafuta jembe akalibeba. Basi. Ikiwa Tabaro hatamlisha, atalima.

Pale kwenye foleni nilifikiria jembe hilo kuliko kitu kingine chochote. Mimi nilipakia mabegi mawili ili nisikose chochote kwa siku kumi. Yeye alibeba kitu cha mtu anayetarajia kukaa mpaka mavuno.

Ilikuwa mwishoni mwa 1896. Ukitoka Toro kwenda Mboga unapita mabega ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, kisha ardhi inakatika ghafla na unateremka mpaka bonde la Semliki, nchi ya joto, nyasi ndefu na wanyama wakali. Mbele yako, ng'ambo, unainuka ukingo mwingine, na nyuma yake msitu wa Ituri ambao kwa macho hauna mwisho. Njia hiyo ni ya miguu. Siku hizo hakukuwa na mtu wa kukuuliza kadi, ni kweli, lakini pia hakukuwa na mtu wa kukungoja.

Mambo ya Mboga hayakuwa ya ushuhuda mtamu. Apolo alifundisha kusoma, akakemea ulevi, hirizi na kuoa wake wengi, na Tabaro alikuwa na vyote. Alipigwa. Kisha dada yake Tabaro akafa kwa ajali ya mkuki, na lawama ikaangukia mwalimu. Akafungwa, akapelekwa kwa maofisa wa Kiingereza huko Toro, akatiwa gerezani. Alisimulia baadaye kwamba ni humo, usiku, alipomwona Kristo akimtia moyo. Alipoachiliwa alirudi. Wapi? Mboga ile ile. Na Tabaro, wapendwa, alikuja kubatizwa, akaitwa Paulo.

Alifanywa kasisi mwaka wa 1903, akatumika Toro miaka mingi, kisha akarudi Mboga akiwa si kijana tena. Kufikia wakati huo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamegawana nchi na Mboga ikaangukia Kongo, kwa hivyo mpaka ulimkuta yeye kazini. Hakuoa. Mwaka wa 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe, cheo kikubwa kwa Mwafrika wa siku zile, na cheo hicho hakikumzuia kuingia msituni kwa Wambuti, watu ambao wengi wa majirani zao waliwadharau. Alijifunza kukaa nao. Injili ya Marko ikaanza kusomwa kwa lugha yao.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi ilikuwa bado iko upande ule.

Yule mama alipofika hapo zamu yangu ikaitwa. Nikachanjwa, nikapewa kadi mpya, nikawaomba wenzangu msamaha mbele ya dereva. Sikuomba kwa maneno mazuri. Tulivuka giza likiwa limeanza kuingia, na mwanafunzi wetu mmoja wa chuo, ambaye mkutano ulipangwa mimi nihubiri badala yake kwa kuwa nimezoea, nikamwambia jioni ya kwanza kule Bundibugyo atasimama yeye. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaniomba tochi asome.

Wanasema daraja la Jinja linapendeza usiku, na taa zake juu ya mto Naili. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimelala juu ya begi la biskuti.