NANA ASMA'U BINTI SHEHU, MWALIMU WA WANAWAKE WA SOKOTO

Tukiulizwa khabari za wanawake wanavyuoni katika Uislamu, ndimi zetu hukimbilia Madina. Twamtaja Bibi Aisha, Mama wa Waumini, twamtaja Bibi Hafsa, kisha twanyamaza, kana kwamba zaidi ya miaka elfu imepita bila ya mwanamke wa Kiislamu kushika kalamu. Kimya hiki kina madhara. Mzee akimpeleka mwanawe wa kike kusoma zaidi ya juzuu mbili tatu, hapakosi jirani wa kumwambia kuwa hayo ni mambo ya kuiga Wazungu, na mzee wa watu huwa hana la kujibu.

Twapenda basi kumtaja mwanamke mmoja ambaye si wa zama za mbali sana wala si wa nchi za Waarabu. Ni Mwafrika, alizaliwa mwaka 1793 na kufariki mwaka 1864, na siku ambazo Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa akimtungia bintiye utenzi wa mausio huku kwetu Lamu, yeye alikuwa bado hai upande wa pili wa bara hili, akitunga na kufundisha. Jina lake ni Nana Asma'u, binti wa Shehu Uthman dan Fodio.

Alizaliwa katika kijiji cha Degel, katika dola ya Gobir, nchi ambayo leo ni sehemu ya kaskazini ya Nigeria. Alizaliwa pacha pamoja na nduguye Hassan. Babake akamwita kwa jina la binti wa Sayyidna Abubakar, yule aliyekuwa akichukua chakula kuwapelekea Mtume, sala na salamu zimshukie, na babake walipokuwa pangoni wakati wa hijra. Miaka kumi na mmoja baadaye Shehu mwenyewe alilazimika kuhama Degel na watu wake, mwezi wa Februari 1804, na Asma'u akahama naye akiwa msichana mdogo.

Haiwezekani kumfahamu binti pasi na kumfahamu baba. Shehu alikuwa Mfulani, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki na wa tarika ya Kadiriya, na mojawapo ya mambo aliyoyapigania kabla ya vita vyovyote ni kuwafundisha wanawake. Aliwakemea wanavyuoni wa wakati wake kwa kuwatazama wake zao na mabinti zao kama vyombo vya nyumbani, hutumiwa vikiwa vizima na hutupwa vikivunjika, ilhali wao wenyewe wamo barazani mchana kutwa wakiwafundisha watoto wa watu wengine. Mwanachuoni mmoja alipomlaumu kwa kuwaruhusu wanawake kuhudhuria mawaidha yake, Shehu alimwagiza nduguye Abdullahi amjibu kwa shairi, na jawabu ilikuwa kwamba kuwaacha watu katika ujinga ni uovu mkubwa zaidi kuliko huo unaohofiwa. Kisha akawatenga wanaume na wanawake mahali pa kukaa, akaendelea na kazi yake.

Katika nyumba hiyo Asma'u hakusoma kwa kuibia. Walimu wake wa kwanza walikuwa wanawake, wake wa babake, na wao walikuwa wamesomeshwa na mumewe. Dadake Khadija alikuwa msomi wa fikihi aliyekifasiri kitabu cha Mukhtasar cha Sheikh Khalil kwa Kifulani. Asma'u alihifadhi Qur'ani, akajua Kiarabu, Kifulani, Kihausa na lugha ya Watuareg. Akaolewa na Gidado dan Laima, rafiki wa nduguye Muhammad Bello. Shehu alipofariki mwaka 1817 Bello akawa khalifa, na Gidado akawa waziri wake. Asma'u akawa basi binti wa mwanzilishi wa dola, dada wa khalifa, na mke wa waziri. Mwanamke mwenye daraja hiyo angeweza kukaa juu ya kitanda chake akapepewa mpaka kufa kwake, na hapana ambaye angemlaumu.

Vita vya Shehu vilianza mwaka 1804, na Alkalawa, mji mkuu wa Gobir, ukaanguka mwaka 1808. Vikaacha nyuma nchi pana iliyojaa watu waliovunjikiwa. Waume walikuwa wamekufa, vijiji vilikuwa vimechomwa, na wanawake wengi wa Kihausa waliletwa Sokoto na kandokando yake wakiwa mateka. Hatupendi kuficha jambo hili, kwani anayeeleza tarikhi kwa kupaka mafuta huwa hakueleza. Nyumba za wakubwa wa Sokoto zilikuwa na watumwa, na nyumba ya Nana Asma'u ilikuwa mojawapo. Na katika mashairi yake alizisifu vita za babake na za nduguye bila ya kusita. Hakuwa mtu wa zama zetu. Na sisi watu wa pwani, ambao babu zetu nao walikuwa na mashamba na watumwa, si wa kuokota jiwe upesi.

Lakini hao ndio wanawake waliokuwa mbele yake, na hapo ndipo palipodhihiri akili yake. Walikuwa Waislamu kwa jina. Wakiuguliwa na mtoto au wakikosa kizazi walikwenda kwa watu wa bori, ambayo ni mfano wa ngoma za pepo tuzijuazo hapa kwetu. Huko walipata mganga wa kuwasikiliza, na walipata wanawake wenzao wa kukaa nao. Nana Asma'u alifahamu kwamba mwanamke hafuati ngoma kwa ajili ya ngoma tu. Hufuata dawa, na hufuata wenzake. Basi hakutosheka na kusema haramu. Mwaka 1839 aliandika kitabu kwa Kiarabu kiitwacho Tabshir al-Ikhwan, juu ya kutafuta shifaa kwa sura za Qur'ani na kwa dua, ili mwenye shida apate pa kuelekea. Ama kukosa wenzao, hilo alilitengenezea jambo lililo kubwa zaidi ya kitabu. Wako katika sisi wahubiri ambao kila mwaka huzilaani ngoma za pepo juu ya membari kisha wakaenda zao nyumbani kula. Wangepata faida kuyasoma maisha ya bibi huyu.

Taabu ilikuwa hii. Mwanamke mwenye watoto wadogo hawezi kuacha nyumba, mtama na kisima akasafiri kwenda Sokoto kusoma. Na mwalimu mmoja hawezi kuvizunguka vijiji vyote. Nana Asma'u akatazama ni nani katika wanawake aliye na nafasi ya kutembea, akaona ni wawili: mzee aliyekwisha kuzaa na kulea, na msichana ambaye bado kuolewa. Hao ndio aliowatia katika jamaa yake iliyojulikana kwa jina la 'Yan Taru, maana yake ni wale waliokusanyika pamoja. Katika kila mahali palichaguliwa bibi mmoja mwenye akili na heshima, akaitwa jaji. Neno hili lisimpoteze msomaji akadhani ni hakimu wa mahakamani. Kwa Kihausa jaji ni kiongozi wa msafara. Jaji huyo aliwakusanya wazee na wasichana wa kwao, wakatoka kwa miguu mpaka Sokoto kwa Nana, wakasoma kwake, kisha wakarudi. Waliporudi waliingia majumbani kwa wale wasioweza kutoka, wakawafundisha waliyoyapokea.

Angalia mpango huu ulivyokata. Bikizee, ambaye katika miji mingi huonekana kuwa amekwisha kazi yake, alifanywa mwalimu. Msichana alitoka safari akiwa chini ya macho ya nyanya zake, akarudi na ilimu kifuani, na akiolewa aliingia nayo katika nyumba mpya. Mama wa watoto wadogo hakuondoka mlangoni pake, na ilimu ikamfuata alipo. Hapana aliyeambiwa avunje ada ya stara ili asome, wala hapana aliyeambiwa asisome kwa ajili ya stara.

Na jaji alipewa alama ya kazi yake. Nana alimvika malfa, kofia ya majani yaliyosukwa yenye ukingo mpana, akaifunga kwa kitambaa chekundu. Katika nchi ile kofia ya namna hii ilikuwa ni ya wanaume, na katika wanawake ilivaliwa na yule aliyeitwa Inna, mkubwa wa wanawake wa bori katika dola ya Gobir. Kila mwanamke wa Kihausa aliijua na aliicha. Nana Asma'u hakuichoma. Aliichukua, akaiweka juu ya kichwa cha mwalimu wa Qur'ani, na watu walipouona msafara ukija na kofia ile mbele walijua kwamba heshima imehama nyumba.

Vitabu vilikuwa haba na wengi wa wanafunzi hawakujua kusoma, kwa hivyo masomo yalitiwa katika mashairi. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa jambo hili, kwani nyanya zetu walijifunza kwa njia hiyo hiyo, na Kihausa na Kifulani viliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama Kiswahili chetu. Nana aliyatia katika tungo mafunzo ya udhu, sala, zaka, na siku ya kiama. Alitunga shairi linalozitaja sura za Qur'ani kwa majina yake, mwenye kulihifadhi akawa na ufunguo wa Msahafu wote. Aliyatilia takhmisi mashairi ya babake na ya nduguye. Wanawake wakayasoma njiani kwa sauti ili safari iwe fupi, na walipofika nyumbani yalikuwa yamekwisha kukaa moyoni. Tungo zake zilizosalia mpaka leo ni zaidi ya sitini.

Waliomjia hawakuja mikono mitupu. Walileta nafaka, siagi, asali na nguo, kila mtu kwa uwezo wake, na Nana akavigawa vitu hivyo kwa maskini na wenye shida waliomzunguka. Aliyeleta mtama mwaka wa mavuno angeweza kuja mwaka wa njaa akapewa. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa hana kitu ila kikapu alichokisuka mwenyewe akawa naye ni mtoaji wa sadaka katika mji wa khalifa.

Katika tungo zake zote, zilizotugusa zaidi ni zile alizowaombolezea wanawake wenzake. Washairi wengi huwalilia wafalme, na yeye alimlilia nduguye Bello mwaka 1837, na baadaye mumewe Gidado. Lakini aliwalilia pia watu ambao hapana mshairi mwingine angewataja. Alimlilia Zaharatu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwauguza wagonjwa, kuwasaidia wanawake katika uzazi, kuwaosha maiti na kuwafundisha wenzake dini. Alimlilia Halima, jirani aliyesifika kwa subira na kwa kupatanisha waliogombana. Alimlilia Hauwa'u, mmoja wa majaji wake, aliyekuwa akiwaongoza wanawake kuja kwake. Rafiki yake Aisha alimlilia zaidi ya mara moja, kwa maneno ya mtu aliyebaki peke yake katika chumba walichokizoea wawili. Nani huku kwetu amemtungia beti mbili mkunga wa mtaa, au yule bibi aitwaye usiku wa manane kukafini? Sote tumepita mikononi mwao, au tutapita.

Na mwaka 1836 alitunga shairi la kuomba kwa baraka ya wanawake wema. Akawataja mashuhuri wa Uislamu, Bibi Rabia al-Adawiyya akiwa miongoni mwao, kisha bila ya kupumzika akaendelea kuwataja wanawake wa jamaa ya Shehu, watu ambao wasikilizaji wake waliwajua kwa nyuso. Msichana wa kijijini akasikia majina ya Basra na majina ya mtaani kwao katika shairi moja.

Baada ya Bello kufariki, yeye na Gidado walifanya kazi ya kukusanya na kuhifadhi maandishi na khabari za Shehu na za Bello. Wanavyuoni wa kiume hawakuona aibu kuandikiana naye. Mgeni mmoja mwanachuoni kutoka Shinqit, katika nchi ya Mauritania, alipofika Sokoto, Nana alimtungia shairi la kumkaribisha.

Alifariki mwaka 1864. Lau kazi yake ingekuwa imesimama juu ya cheo chake, ingezikwa pamoja naye. Dadake Maryam akashika mahali pake, majaji wakaendelea kuja. Waingereza waliiteka Sokoto mwezi wa Machi 1903, na Khalifa Attahiru akauawa Burmi mwezi wa Julai mwaka huo. Dola ikaanguka, na misafara ya wanawake haikukoma. Maandishi yake yalikaa katika nyumba ya wazao wake na Gidado, mmoja wao akiwa Waziri Junaidu, mwanachuoni mkubwa wa Sokoto aliyefariki mwaka 1997. Mwaka huo huo tungo zake zilizokusanywa zilipigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa kazi ya wanawake wawili, Jean Boyd na Beverly Mack. Na huko Marekani wamekuwako Waislamu weusi walioanzisha masomo ya wanawake wao na kuyaita kwa jina lile lile la 'Yan Taru.

Kaburi lake liko Sokoto, karibu na la babake. Wanawake wa vijijini waliendelea kulizuru kwa vikundi, jaji wao akitangulia na malfa kichwani.