Kipchomber arap Koilegei: Orgoiyot aliyefia uhamishoni Vita Vikuu vikipamba moto

MSAFIRI anayeingia Kericho akitokea Nakuru hupokewa na mashamba ya chai yaliyotandazwa juu ya vilima kama zulia la kijani, kisha huandamana nayo kuelekea Sotik na Bomet. Ni wachache miongoni mwa wapitao hapo wanaojua kwamba sehemu kubwa ya chai hiyo imemea juu ya ardhi iliyogawanywa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Wachache zaidi wanamkumbuka kiongozi wa Wakipsigis aliyekata roho mbali na vilima hivyo mwaka 1916, wakati vita hivyo vilipokuwa vimepamba moto.

Kiongozi huyo aliitwa Kipchomber arap Koilegei, ingawa katika maandishi ya wakoloni jina lake limeendelezwa kwa namna mbalimbali. Alikuwa mtoto wa Kimnyole arap Turukat wa ukoo wa Talai, Orgoiyot wa Wanandi, ambaye simulizi za jamii hiyo humtaja kuwa ndiye aliyetabiri ujio wa wageni weupe na nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka pwani hadi ziwani. Cheo cha Orgoiyot hakikuwa cha utawala kama ule wa wafalme wa Buganda. Orgoiyot hakuketi kutoa hukumu wala hakutoza kodi. Vijana walimwendea kuomba baraka kabla ya kwenda vitani, wazee wakamtaka shauri mvua ilipokosekana, na watu wote wakamheshimu huku wakimwogopa. Hofu hiyo ilikuwa na pande mbili. Kimnyole mwenyewe aliuawa kwa marungu na watu wake mnamo mwaka 1890, baada ya kulaumiwa kwa maafa yaliyowakumba, likiwemo jeshi lililoangamia katika uvamizi aliokuwa ameubariki.

Kifo hicho kiliwaachia wanawe ugomvi wa urithi. Baadhi ya Wanandi walimtaka Koitalel arap Samoei na wengine wakamtaka Kipchomber. Katikati ya miaka ya 1890 Koitalel alishinda, naye Kipchomber akavuka kwenda kusini kwa Wakipsigis akiwa na wafuasi wachache. Huko alipokewa na kuwa Orgoiyot wa kwanza wa jamii hiyo. Hivyo mtu aliyeshindwa kwao akapata heshima ugenini, miongoni mwa watu wanaozungumza lugha iliyo karibu sana na yake.

Utulivu haukudumu. Reli ya Uganda ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, na kituo cha Lumbwa, ambacho sasa ni Kipkelion, kikawa mlango wa serikali na walowezi kuingia katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yalishambulia Sotik kwa kisingizio cha wizi wa mifugo. Mamia ya watu waliuawa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Oktoba 19 mwaka huo huo, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na kupigwa risasi na Richard Meinertzhagen, afisa ambaye baadaye aliacha shajara ndefu ambazo wanahistoria wa leo huzisoma kwa tahadhari kubwa. Kwa mauaji hayo Kipchomber akabaki kuwa mmoja wa wana wa Kimnyole walioshikilia mamlaka ya ukoo, chini ya serikali iliyokwisha kuonyesha jinsi inavyowatendea watu wa cheo chake.

Maofisa wa Kericho walimshuku kwa jambo lile lile walilowashuku Talai wote, yaani kwamba baraka zake ndizo zilizowapa vijana ujasiri wa kuiba ng'ombe wa walowezi na kukataa amri. Huenda kwa kiasi fulani walisema kweli. Lakini lililowaudhi zaidi ni kwamba watu walimsikiliza mzee asiyeteuliwa na serikali kuliko machifu waliokuwa wakilipwa mshahara nayo. Mwaka 1914 yeye na ndugu zake wawili waliondolewa Kericho na kupelekwa uhamishoni katika nchi ya Mlima Kenya, upande wa Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, na Nyeri.

Mwaka huo ndio Ulaya ilipoingia vitani, na Afrika Mashariki ikaburutwa nyuma yake. Mnamo Septemba, wanajeshi wa Kijerumani waliingia mji wa Kisii, jirani kabisa na Sotik, wakapigana na Waingereza na kisha kurudi nyuma. Wakisii, walioona serikali imekimbia, walipora mji huo. Serikali iliporejea iliwaadhibu kwa kuwanyang'anya mifugo. Wakipsigis waliyaona hayo kutoka ng'ambo ya mpaka. Mbali na hapo, kuanzia Taveta hadi Rufiji na Msumbiji, vita viligeuka kuwa mwendo mrefu wa miguu, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na maksai, na barabara hazikuwepo. Mizigo ilibebwa na binadamu.

Waingereza peke yao walitumia wachukuzi wanaokadiriwa kufikia 1,000,000 kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na wanahistoria wengi huweka idadi ya waliokufa karibu na 100,000. Risasi ziliua wachache miongoni mwao. Wengi walimalizwa na kuhara, malaria, nimonia na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Familia nyingi hazikuambiwa mtoto wao alizikwa wapi, na mishahara ya maelfu ya marehemu haikulipwa.

Kipchomber hakubeba sanduku la risasi wala hakuiona Rufiji. Hata hivyo miaka yake ya mwisho ilikuwa miaka ya vita hivyo. Mwaka 1915, akiwa bado uhamishoni, serikali ilitunga sheria ya ardhi ya Taji iliyowapa walowezi mikataba ya miaka 999 na kumfanya Mwafrika kuwa mpangaji kwenye ardhi ya mababu zake. Mwaka 1916 akafariki dunia, bila kurejea kwa watu wake.

Yaliyofuata baada ya kifo chake ndiyo yanayolifanya jina lake litajwe hadi sasa. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn mnamo Novemba 25, 1918, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwagawia ardhi askari Wazungu waliotoka vitani. Wachukuzi Waafrika hawakuhesabiwa katika mgao huo. Huko Kericho, ekari 25,000 za Wakipsigis zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu, walime kitani.

Mtu hawezi kuwanyima huruma vijana wale waliopoteza mikono, miguu na macho yao. Walihitaji mahali pa kuanzia upya. Lakini gharama ya huruma hiyo ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Tena mradi wenyewe haukufika mbali: bei ya kitani iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 na maafisa wakafilisika. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Ilipofika katikati ya muongo huo, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yameingia Kericho, na chai ikapandwa pale kitani kiliposhindwa.

Ukoo wa Kipchomber haukuachwa. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahususi ya kuwahamisha Talai, na watu wapatao 700, wakiwemo wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali penye joto, mbung'o na malaria. Waliozoea baridi ya Kericho walizika wengi huko. Ruhusa ya kurudi ilipatikana mwaka 1962, na waliporudi walikuta vilima vyao vimejaa chai.

Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu madhila ya Wakipsigis na Talai. Agosti 2022, wawakilishi wa zaidi ya watu 100,000 walifikisha shauri katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mfalme Charles alipozuru Kenya Oktoba 2023, alieleza majuto kuhusu ukatili wa enzi ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi.